Kibodi ya Vifungo

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mkwe wangu hunitungia uzi kwenye sindano. Huzichomeka kwenye mto mdogo wa fundi, yenye uzi mweusi, yenye mweupe, yenye buluu, kisha huuacha mto kando ya cherehani yangu na kuondoka zake. Hakuna aliyemtuma. Aliniona siku moja nimelamba ncha ya uzi mpaka umelowa, na tundu bado silioni. Kesho yake nikazikuta sindano zimesimama mstari mmoja kama watoto wa shule asubuhi.

Macho yangu ya mbali ni mazima. Ya karibu ndiyo yaliyostaafu. Nikikaa mlangoni namtambua mtu akiwa bado mwisho wa barabara, lakini tundu la sindano kwangu ni hadithi tu. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunategana: ana jicho moja, haoni, lakini hapotei njia. Ni sindano. Siku hizi jicho lake na langu yamekuwa sawa, na wote wawili tunamtegemea mke wa mwanangu.

Naanza na sindano kwa sababu bila hizo hakuna habari yoyote ya kompyuta ambayo ningeweza kuieleza.

Mkwe wangu anafanya kazi kliniki, mapokezi. Mgonjwa akiingia, uso wa kwanza kuuona ni wake. Alikuwa na daftari kubwa la majina na rafu ya mafaili nyuma yake, na alijua nani ana presha, nani anaogopa sindano, nani anakuja kuzungumza tu kwa sababu nyumbani hana wa kuzungumza naye. Anaipenda ile meza kama mimi ninavyoipenda cherehani yangu. Basi kompyuta zikaletwa. Daktari mkuu akawakusanya wafanyakazi, akawaambia kwa upole kabisa kwamba daftari linafungwa, na atakayebaki mapokezi ni mwenye cheti cha kompyuta kutoka chuo. Asiye nacho atatafutiwa kazi nyingine, kama ipo.

Hiyo "kama ipo" ndiyo aliyorudi nayo nyumbani. Aliitua mezani pamoja na mkoba wake, na sote tukawa tunaitazama.

"Mama," akaniambia, "mimi nilisoma zamani, na kompyuta nimeiona benki tu, tena kwa upande wa nyuma."

"Hata mimi cherehani niliiona kwanza kwa upande wa nyuma," nikamwambia. "Mama yangu alikuwa hataki niiguse. Nenda chuo."

Mwanangu ni dereva wa lori, wiki nyingi yuko njiani. Alipopiga simu naye akasema vilevile, nenda chuo. Lakini kulikuwa na jambo moja, tena lilikuwa linatambaa sakafuni huku linatafuna kiatu changu. Ni mjukuu wangu wa kike tunayemwita Kibonge. Alikuwa bado ananyonya, na chupa alikuwa haitaki. Ukimpa chupa anakutazama kama umemtukana. Masomo yalikuwa mchana, mara tu mama yake akitoka kazini. Kati ya kliniki na chuo hapakuwa na nafasi ya kupitia nyumbani.

"Basi mtoto atakuja chuo," nikasema.

"Na cherehani?"

"Cherehani haina miguu, haitakimbia."

Chuo chenyewe kipo nyuma ya posta. Ngazi zake zimelika katikati kwa kukanyagwa, na chumba cha kompyuta kina dirisha pana linalotazama korido. Koridoni chini ya dirisha hilo kuna benchi. Hapo ndipo nilipohamia mimi na Kibonge, na chupa yetu ya maji, na kipande cha kazi ya mkono. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo nilisikia kila lililofundishwa. Sikulipia, lakini masikio yangu siwezi kuyavua nikayaacha nyumbani.

Siku ya kwanza mwanafunzi mmoja, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko nywele, akasimama mbele yangu.

"Bibi, umeandikishwa au umesindikiza?"

"Nimesindikiza maziwa," nikamwambia.

Akacheka mpaka akasahau kuingia darasani. Tangu siku hiyo akawa ananisalimu, "Shikamoo, Bibi Maziwa," nami namjibu, "Marahaba, Kipara."

Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, mikono ya shati imekunjwa, sauti ya chini. Alikuwa na neno moja ambalo halikumtoka mdomoni: umehifadhi? Mtu akiandika jina lake tu, mwalimu yuko nyuma yake: umehifadhi? Wanafunzi wakambatiza Mwalimu Umehifadhi, na yeye akalipokea jina bila kinyongo.

"Hii mashine," aliwaambia, "ni kama mtu msikivu lakini msahaulifu. Unayomwambia anayasikia yote. Usipomwambia aweke, ukigeuka tu amesahau. Kwa hiyo bonyeza kitufe hiki cha pembeni pamoja na herufi S. Mwisho wa kila sentensi. Sio mwisho wa kazi. Kila sentensi."

Nikamwelewa. Wako watu wa namna hiyo hata katika ukoo wetu.

Shida ya mkwe wangu haikuwa akili. Shida ilikuwa vidole. Wenzake wengi walikuwa na kompyuta kazini au nyumbani kwa kaka zao, jioni wanarudia. Yeye akitoka pale hakuna pa kurudia. Nilikuwa namwona kupitia dirishani, kidole kimoja kimenyooka, anatafuta herufi kama kuku anayedonoa punje kwenye mchanga. Akiipata anatabasamu, na akiinua macho, somo limeshakwenda mbele. Kwenye mapumziko akija kumnyonyesha mtoto, mabega yamempanda mpaka masikioni.

"A iko wapi, mama? Kila siku naipata na kila siku inapotea."

Nikaenda kuitazama hiyo kibodi kwa macho yangu. Mwalimu aliniruhusu, hata akanivutia kiti. Nikavaa miwani. Nikashangaa. Sisi shuleni tulifundishwa kwamba A ndiye kiranja, anasimama mbele na wenzake wanafuata. Hapa A amesukumwa pembeni mstari wa kati, na mbele kabisa amekaa Q. Q, ambaye katika Kiswahili hana hata neno moja la kufanyia kazi, amepewa kiti cha mgeni wa heshima.

"Nani aliyewapanga hivi?" nikamuuliza mwalimu.

"Wazungu wa zamani, Bibi. Hata mimi sikuulizwa."

Basi nikafanya ninachofanya nguo ya mteja inapokuwa nzuri na sina kipimo chake. Kesho yake nilikuja na kipande cha kitambaa chembamba, kilichobaki kwenye sare za shule, na chaki yangu ya fundi. Nikamwomba mwalimu ruhusa. Nikakitandaza kitambaa juu ya kibodi, nikakivuta kisilegee, nikapitisha chaki kwa ubavu, taratibu, kama ninavyotoa alama ya mfuko uliofichika ndani ya koti. Kila kitufe kikajichora chenyewe. Mwalimu alisimama pale mikono kiunoni.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nachukua vipimo."

Nyumbani niliumwaga mkebe wangu wa vifungo mezani. Fundi hatupi kifungo. Shati likifa, vifungo vyake vinarithiwa. Nikavichagua vyeupe vinavyolingana, nikavishona mahali pa kila kitufe, na kwenye kitambaa, kando ya kila kifungo, nikadarizi herufi yake. Pale palipokuwa na kitufe kirefu cha nafasi nikashona kijiti cha mwavuli uliokufa. Chini ya kitambaa nikaweka kadibodi ya kuchomoa, kiwe kigumu. Nilifanya kazi hiyo kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, na kila sindano niliyoishika ilikuwa imeshatungwa uzi na mwenyewe mwenye kibodi, asubuhi, bila kujua anaitungia nini.

Nilipomtandazia mezani, akavuta kiti. Kisha akaweka vidole juu ya vifungo, vyote kumi.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

"Watoto wangu wamekaa mezani kimya. Ukimgusa mmoja, anataja jina lake."

"Vitufe vya kompyuta." Akacheka. "Lakini hawa wako mabubu, mama."

"Hawa wangu wana adabu. Wanasubiri wawe shuleni ndipo waseme."

Ikawa ndiyo kazi yake ya kila jioni. Nikiwa naandaa chakula, yeye yuko mezani na kitambaa. Mimi nataja sentensi, yeye anaandika juu ya vifungo. Mgonjwa amefika saa mbili. Tafadhali leta kadi yako. Mtoto ana homa tangu jana. Akimaliza, anakunja kitambaa mara mbili, anakiweka kwenye droo, anasimama kupakua. Kibonge akipanda mapajani mwake, naye anagonga, na yeye kidole chake kilipenda Q. Baada ya muda mwanamke yule alikuwa haitazami tena mikono yake. Ananitazama mimi usoni, anazungumza na mimi, na vidole vinakwenda vyenyewe kama miguu inayoijua njia ya nyumbani.

Darasani Kipara ndiye aliyeona kwanza. "Jamani, mapokezi amekuwa mashine," akasema. "Mwalimu, mkague, huenda ana betri."

Mwalimu alipanga jaribio kabla ya mtihani wenyewe. Waandike barua ya ofisi, wapange majina kwenye jedwali, na kazi mwalimu ataitoa kwenye printa baadaye. Nilikuwa kwenye benchi langu. Nikamwona mkwe wangu anaandika, na moyo wangu ulijaa mpaka nikamkumbatia Kibonge kwa nguvu, akalalamika. Kila mtu alikuwa bado ameinama. Yeye akamaliza, wa kwanza darasa zima. Akanyoosha mgongo. Akabonyeza kitufe cha kuzima, mara moja, safi, kioo kikawa cheusi. Akasimama.

Mwalimu akaja. "Kazi iko wapi?"

"Nimemaliza, mwalimu."

"Nimeona. Umeihifadhi wapi?"

Alikitazama kile kioo cheusi, kisha akageuka kutazama dirishani kwangu, na hapo ndipo sote wawili tulipojua. Kwenye kitambaa hakuna kinachohifadhiwa. Ukimaliza unakunja. Vidole vyake vilijifunza kila kitu nilichovishonea, na kuhifadhi sikuvishonea. Alikuwa ameizima kompyuta kama mtu anayekunja kitambaa.

Mwalimu aliiwasha tena, akatafuta huku na huku. Barua haikuwepo. Jedwali halikuwepo. "Hili ni jaribio tu," akasema, na hakumpandishia sauti. "Lakini kwenye mtihani, kisichohifadhiwa hakisahihishwi. Sina uwezo wa kukusaidia siku hiyo."

Tulirudi nyumbani. Kibonge ndiye aliyezungumza peke yake njia nzima, lugha yake anayoijua mwenyewe. Tulipofika mlangoni nikasema, "Kitambaa changu ndicho kilichokuponza."

"Mama, usiseme hivyo. Kabla ya kitambaa nilikuwa nadonoa." Akavua viatu. "Shida ni kwamba najua ninatakiwa kuhifadhi. Kichwa kinajua. Mikono haijui."

Nikalifikiria neno hilo usiku nikiwa kitandani, na asubuhi nilikuwa na jibu. Kwa fundi kuna vifungo vya chuma vya kubana, kimoja dume, kingine jike. Ukivibana vinatoa sauti: tak. Nguo za watoto huwekwa hivyo kwenye bega. Nikafumua kile kifungo cha pembeni kwenye kibodi yangu, mahali pake nikaweka cha kubana. Ili kibane, lazima uweke kidole kimoja pale na kingine juu ya S, ndipo kitambaa kinyooke na dume liingie sawasawa kwenye jike. Usipofanya hivyo hakilii.

"Kuanzia leo," nikamwambia, "nikiwa jikoni, mwisho wa kila sentensi nataka kusikia tak. Nisiposikia, sitaji sentensi nyingine. Na chakula hakiivi."

"Mama, unaninyima chakula?"

"Nisiposikia tak, na mimi nalala njaa. Kwa hiyo usinitese, nina umri."

Mwanzoni alisahau kila mara. Mimi nasimama jikoni na mwiko mkononi, kimya. Yeye mezani anasubiri sentensi. Tunasubiriana kama wachumba walionuniana. Kisha anakumbuka: tak. Nami naendelea. Mgonjwa ameshapona, tak. Rudi Jumatatu, tak. Taratibu sauti ikaingia mwilini mwake. Ikaingia mno, kwa sababu alipokuwa chuoni kwenye kibodi isiyolia, ulimi wake ukawa unaijazia. Anabonyeza kwa vidole, anapiga ulimi: tak. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Kipara alijua, naye akaanza kuhifadhi kila akimsikia, maana alikuwa msahaulifu kuliko kompyuta. "Mimi nina kengele yangu," akasema, "imekaa mstari wa mbele." Muda si muda na wenzake wakamwiga.

Na mwingine aliyejua ni Kibonge. Mtoto yule alikuwa hajasema mama wala bibi. Siku moja nipo naye koridoni, ndani mama yake akapiga tak, na mtoto akanitazama, akauweka ulimi wake juu, akapiga vilevile. Tak. Nilicheka mpaka mfagizi akaja kuuliza kuna nini.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi kutoka nje, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba na hatua zisizosikika. Mwalimu wetu hakuruhusiwa kuingia. Akaja kukaa na mimi kwenye benchi, anakunjua na kukunja mikono ya shati lake. Nikampa Kibonge amshike kidogo, ili mikono ipate kazi.

Dirisha lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa kimya, vitufe tu vinanong'ona kama mvua ya mbali. Kisha nikasikia: tak.

Msimamizi akainua kichwa. Baada ya muda: tak. Akaanza kutembea kati ya viti.

"Nani anapiga ulimi humu?"

Mkwe wangu hakuinua hata macho, alikuwa hajui kwamba anaulizwa yeye. Akamaliza sentensi, akapiga tena, na msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake kabisa.

"Wewe dada. Unanisonya mimi?"

Mkwe wangu aligeuka, rangi imemwondoka. "Hapana, mama. Samahani. Nilikuwa nahifadhi."

"Unahifadhi kwa ulimi?"

"Kwa vidole, mama. Ulimi unafuata tu."

Kipara akajikohoza, kikohozi cha mtu anayezuia jambo lingine. Msimamizi akamtazama, kikohozi kikapona.

"Hiki ni chumba cha mtihani," akamwambia mkwe wangu. "Nikikusikia tena unatoka. Endelea."

Pembeni yangu mwalimu alifumba macho. Mimi sikuweza kufumba. Mashine ile haina sauti, na sasa hata ulimi umefungwa. Mikono itakumbukaje? Nikamwona ameurudisha uso kwenye kioo, midomo ameibana kama mtu aliyemeza dawa chungu. Akaandika. Sentensi ikaisha, nayo ya pili ikaanza, na sikuuona mkono wa kushoto ukienda pembeni. Macho yangu ya mbali hayanidanganyi. Hakuhifadhi.

Sikuwa na la kufanya. Mtihani wa mtu hausemeshwi dirishani. Nikashika kitambaa changu cha kichwa.

Hapo Kibonge, mapajani mwa mwalimu, akauweka ulimi wake juu akapiga: tak.

Ndani vichwa vyote viliinuka, kisha mikono yote ikashuka pamoja kwenye kibodi zao, darasa zima, kama wanajeshi. Nikaona vidole vya mkwe wangu vimekwenda pembeni na S. Msimamizi alikuja dirishani. Akanitazama mimi, akamtazama mwalimu, akamtazama mtoto mwenye meno manne aliyekuwa anamtabasamia.

"Huyu naye?"

"Huyu hajaandikishwa, mama," mwalimu akasema kwa sauti iliyokauka.

"Mmemfundisha?"

"Hajafundishwa," nikasema mimi. "Amesikia tu nyumbani. Nyumbani kwetu chakula hakiivi bila sauti hiyo."

Hakuelewa, na sikumlaumu. Lakini nilimwona anauma mdomo wa chini. Akatuonyesha mwisho wa korido kwa kidole, kwa adabu, twende tukakae huko. Tukaenda. Ilikuwa haki yake. Kibonge alinyonya kidole gumba akalala, na tak haikusikika tena.

Kutoka kule mwisho wa korido bado nilikuwa namwona kwa pembeni, kichwa chake, mikono yake na kioo. Nilimwona anaandika. Nikaona jedwali linajaa mistari kwenye kioo. Nikamwona amenyoosha mgongo, kama siku ile ya jaribio, wa kwanza kumaliza. Mkono wake wa kulia ukaenda kwenye kitufe cha kuzima.

Ukafika. Kidole kikakaa juu yake.

Hakuna aliyepiga ulimi, mtoto amelala, mwalimu ameinamisha kichwa. Alikuwa peke yake mle ndani, yeye na mikono yake.

Kidole kikaondoka. Akaurudisha mkono. Kidole cha kushoto kikaenda pembeni, kingine kikaenda kwenye S, taratibu, kama mtu anayefunga kifungo cha bega la mtoto. Shavu lake likatikisika kidogo upande mmoja. Najua ulimi ulikuwa unafanya nini mle ndani, lakini sauti haikutoka. Ndipo akazima, akainuka.

"Amehifadhi," nikamwambia mwalimu.

"Umeonaje kutoka hapa, Bibi?"

"Macho yangu ya mbali ni mazima."

Kijana yule akakaa chini kwenye sakafu ya korido, mgongo ukutani, akacheka kwa pumzi tu ili asimwamshe mtoto. Nikamshukuru. Nikamshukuru kwa kile kiti alichonivutia, na kwa kuniacha nichukue vipimo vya kibodi ya watu bila kuniuliza mimi ni nani chuoni pale. Akasema, "Bibi, mimi mama yangu alinisindikiza shule mpaka geti. Wewe umesindikiza mpaka ndani."

Cheti kilipotoka, Kipara naye alikuwa amefaulu. Alikuja nyumbani na mashine yake ya kunyolea kumnyoa mwanangu bure, maana siku hiyo lori lilikuwa limerudi. "Ninalipa kengele," akasema. Kabla ya kuondoka akaniomba nimshonee kitambaa kimoja cha vifungo, mdogo wake anaanza chuo muhula ujao. Nilimwambia alete mashati yaliyokufa.

Meza ya mapokezi ilibaki na mwenyewe. Daftari kubwa limefungwa, liko juu ya kabati.

Wiki iliyopita goti langu lilinisumbua, nikaenda kliniki. Nikapanga foleni kama wengine. Ilipofika zamu yangu, mkwe wangu akanitazama juu ya kile kioo kana kwamba hanijui.

"Jina lako, mama?"

Nikamtajia jina langu lote, na la baba yangu, na la babu, maana nafasi ilikuwepo. Akaandika bila kutazama mikono. Akaniuliza nini kinaniuma, nikasema goti, akaandika. Kisha akainua macho, akaniangalia mimi peke yangu, akapiga ulimi polepole: tak. Yule mzee nyuma yangu akashtuka.

"Nimeshakuweka," akasema.

"Kitendawili," nikamwambia, foleni ikisikia.

"Mama, watu wanasubiri."

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Mti umepandwa kwa jirani, kivuli chake kwangu."

Mzee wa nyuma akasema ni mwembe. Mwanamke mwingine akasema ni mnazi uliopinda. Mkwe wangu alikuwa anajua, nilimwona machozi yanavyomlengalenga, lakini akatikisa kichwa.

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

Akatazama kushoto na kulia, rafu, benchi, mlango wa daktari, wagonjwa wake. "Nakupa kliniki hii yote."

"Nimeipokea," nikasema. "Jibu ni mkwe." Nikamwelezea mzee wa nyuma, kwa sababu alikuwa bado anafikiria mwembe: kuna mama mwingine aliyempanda binti huyu, akammwagilia, akamlinda na mbuzi, na mimi ambaye sikushika hata jembe ndiye niliyekaa kivulini. Huyo mama sijamshukuru ipasavyo. Jumapili tutakwenda kwake, mimi na goti langu, na Kibonge atamwonyesha anachojua kusema.